Shajara ya kabati la dawa za asili nyumbani: nilichokausha, kilichooza na kilichobaki

5 Januari: kuanza

Nimeanza kutengeneza kabati dogo la dawa za asili hapa nyumbani na ntakuwa naandika kila hatua ikiisha, ili mwingine akitaka kufanya afuate, na yale yaliyoshindikana ayaruke. Ni kabati la magonjwa madogo madogo tu: kikohozi, koo kuwasha, kichefuchefu, tumbo kujaa gesi, kuharisha, jino linalouma usiku wakati hakuna daktari, na kuungua kidogo jikoni. Homa kali isiyoshuka, mtoto anayepumua kwa shida, damu kwenye choo, kuungua sehemu kubwa, hivo sio vya kabati, hivo ni vya hospitali moja kwa moja, na karatasi inayosema hivo nimeibandika kwenye mlango wa kabati kabla sijaweka hata chupa moja ndani.

Listi ya mwanzo ilikuwa ndefu mno, karibu kila mmea ambao mtu amewahi kuniambia unatibu kitu. Nikaipitisha kwenye maswali matatu. Je, kuna sababu ya kueleweka ya kuamini kwamba inasaidia hicho ninachokitaka? Je, naweza kupima, yani kujua aliyepewa kapewa kiasi gani? Na je, inakaa bila kuoza? Hilo la mwisho ndo lililonisukuma kuandika hii shajara, maana maelekezo mengi ya dawa za asili yanakwambia chemsha hiki changanya na kile ukamaliza, hakuna anayekwambia baada ya mwezi mmoja kile kitu kiko kwenye hali gani ndani ya chupa. Na adui anayerudi kila mara ni mmoja, maji. Mtaona mbele.

Vifaa: mizani ya dijitali inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu, kipimajoto cha jikoni, chupa za glasi zenye mfuniko unaobana, vitambaa vya pamba, chujio, trei za wavu. Chupa nyingi ni za zamani zilizooshwa, zikachemshwa dakika kumi na kukaushwa kabisa, kwahiyo kilichokula hela zaidi ni mizani. Msiikwepe. Bila mizani huna dawa, una majani tu kwenye chupa.

13 Januari: mnanaa

Nilianza na mnanaa kwa ajili ya tumbo kujaa gesi kwasababu nilidhani ndo kazi rahisi kuliko zote. Fungu la kwanza nilianika juani. Likakauka haraka sana tu, jioni yake majani yanapukutika, ila rangi imekuwa kahawia na ukiyasugua mkononi unasikia harufu ya nyasi kavu. Kinachofanya kazi kwenye mnanaa ni mafuta yake, menthol ikiwa ndo kubwa, na yale mafuta yanaruka hewani kirahisi, kwahiyo jua kali linakausha maji na kuondoka na dawa vilevile. Fungu zima likaishia kwenye mbolea.

Fungu la pili nikatandaza kivulini, tabaka moja tu, majani yasilaliane, chumba chenye hewa inayopita, joto kati ya nyuzi 35 na 40. Mashina niliyatoa kabla maana yanachelewa kukauka kuliko majani na yanarudisha unyevu kwenye majani yaliyokwisha kuwa tayari. Hili likatoka la kijani na harufu unaisikia ukifungua tu mfuniko.

Sasa sikilizeni hapa, kuna kipimo ambacho kila mtu akifanye. Majani yakionekana yamekauka, jaza chupa ya glasi inayoonyesha ndani, funga kabisa, acha usiku mzima mahali penye joto la kawaida. Asubuhi angalia kuta za ndani za chupa. Zangu zilikuwa na ukungu mwembamba wa mvuke, kwahiyo majani yaliyovunjika vizuri mkononi bado yalikuwa na maji katikati, na kwenye chupa iliyofungwa yangeota kuvu bila mtu kujua. Nikayarudisha kwenye trei, nikarudia kipimo mpaka glasi ikawa kavu. Toka hapo hakuna kitu kinaingia kabatini bila kupita hicho kipimo.

Kutoka kilo moja ya majani mabichi nilibaki na chini ya robo kilo, pangeni chupa zenu kwa hesabu hiyo.

Matumizi: gramu 1.5 mpaka 2 ya majani makavu kwenye kikombe cha maji yaliyotoka kuchemka, FUNIKA kikombe dakika kumi, usipofunika yale mafuta yanaondoka na mvuke. Tafiti nzuri zaidi za mnanaa na tumbo zilifanywa kwa vidonge vya mafuta yake vilivyofunikwa viyeyuke utumbo mwembamba, chai ni nyepesi kuliko hivo, kwahiyo nimeiandika kama ya kutuliza gesi na sio zaidi. Mwenye kiungulia aiache, mnanaa unalegeza ile valvu ya juu ya tumbo na asidi inapanda zaidi.

24 Januari: tangawizi

Hii imekula muda mwingi kuliko yote. Nilikata slaisi nene, kama milimita 5, nikaweka kwenye ovena nyuzi 70 ili niwahi kumaliza. Nje zikawa ngumu kama mbao, nikajua tayari, kumbe ule ugumu wa nje umefunga njia, maji ya katikati hayana pa kutokea. Chupa ilipita kipimo cha usiku mmoja, na hapo ndo mtego ulipo, maana unyevu ulitoka pole pole sana. Baada ya wiki moja na kitu kuna nyuzi nyeupe nyeupe kwenye slaisi za chini. Zote zilitupwa. Usichambue ukatoa zile zenye kuvu tu na kubakiza nyingine, kuvu ina mizizi usiyoiona na baadhi ya kuvu za viungo zinatoa sumu ambayo hata ukichemsha haiondoki.

Marekebisho: slaisi za milimita 2, kata kukatiza nyuzi za tangawizi na sio kufuata urefu wake, nyuzi 50, mlango wa ovena uwe wazi kidogo mvuke utoke, geuza kila baada ya saa moja hivi. Ikiwa tayari inavunjika kwa mlio, ikipinda haijawa bado. Kwa vitu vinene kama hivi kipimo cha chupa sasa nakifanya kwa siku nne, nikifungua na kuangalia kila asubuhi. Tangawizi mbichi sehemu kubwa ni maji, kilo moja iliniachia gramu mia moja themanini na kitu.

Nimesaga kidogo tu, iliyobaki inakaa kwenye slaisi, unga unapoteza harufu haraka zaidi kwasababu sehemu inayokutana na hewa ni kubwa.

Kipimo sasa. Kwa kichefuchefu cha safari, mwongozo wa Shirika la Dawa la Ulaya ni unga miligramu 750 nusu saa kabla ya kuondoka kwa mtu mzima. Miligramu 750 hazisomeki vizuri kwenye mizani ya jikoni, mizani inarukaruka, kwahiyo mbinu ni hii: chota vijiko kumi vidogo vilivyosawazishwa kwa mgongo wa kisu, pima vyote pamoja, gawa kwa kumi, hapo unajua kijiko chako kinabeba nini. Rudia kila ukisaga upya maana unga laini na unga mkavu wa chengachenga havilingani uzito. Kwa kichefuchefu cha ujauzito tafiti nyingi zilitumia kama gramu 1 kwa siku nzima ikigawanywa mara tatu au nne, ila hapo mjamzito aongee na mkunga wake kwanza, na akitapika mpaka maji hayakai tumboni hiyo sio kazi ya tangawizi tena.

3 Februari: asali, na kwanini tangawizi mbichi imetolewa

Mpango ulikuwa chupa ya asali yenye tangawizi mbichi na limau, iwe tayari muda wote kwa kikohozi. Inavutia machoni, inanukia vizuri, watu wengi wanaifanya. Siku chache tu baadae mfuniko ulipofunguliwa ukatoa mlio, povu juu, ladha ya uchachu. Asali yenyewe haiharibiki kwasababu maji yake ni machache, kawaida kama asilimia 17 au 18, vijidudu vikiingia vinakaushwa na sukari. Ukiweka tangawizi mbichi na maji ya limau umeongeza maji, yale maji yanaelea juu, na chachu iliyokuwa imelala inaamka. Friji inachelewesha tu.

Nimebadilisha hivi: asali inakaa peke yake, tangawizi kavu inakaa peke yake, vinakutana kwenye kikombe mtu akiwa anaumwa. Ni dakika kumi tu za kusubiri na hakuna kinachochacha. Na kijiko kinachoingia kwenye asali kiwe kikavu, sijali nani kachota.

Asali kwa kikohozi cha mafua nimeiweka namba moja kabatini. Mtoto wa mwaka mmoja na zaidi kijiko nusu mpaka kimoja cha chai kabla ya kulala. Chini ya mwaka mmoja HAPANA, hata kidogo, hata kuilambisha kwenye chuchu, hata ikiwa imepikwa kwenye kitu. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria anaitwa Clostridium botulinum, kwa mtu mzima zinapita bila shida, kwa mtoto mchanga utumbo wake haujakomaa kwahiyo zinaota mle ndani na kutoa sumu inayolegeza misuli, mpaka ya kupumua. Chupa hii ina mkanda mwekundu na neno MWAKA 1 kwa herufi kubwa, na kila anayekaa na mtoto hapa nyumbani ameambiwa kwa mdomo pia, lebo peke yake siiamini kwa jambo hili.

Asali ikiganda haijaharibika wala haimaanishi ni feki, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu itayeyuka.

12 Februari: vitunguu swaumu kwenye mafuta, hapana

Hii nitaiandika kwa kirefu maana ndo hatari zaidi na ndo inasambazwa zaidi. Chukua vitunguu swaumu, ponda, jaza mafuta, acha dirishani wiki mbili, chuja, eti dawa ya sikio, kifua, na kila kitu. Nilianza kusoma kabla ya kuandaa, na chupa yenyewe haikutengenezwa.

Ni yule yule bakteria wa kwenye asali. Anaishi kwenye udongo, kitunguu swaumu kinatoka udongoni nae. Akiwa kwenye hewa hana madhara, anachotaka ni sehemu isiyo na hewa, isiyo na asidi ya kutosha, yenye unyevu na joto la chumbani. Mafuta yanafunga hewa, kitunguu kinaleta maji na asidi yake ni ndogo, dirisha linaleta joto, yani mapishi yanamtayarishia nyumba kamili. Sumu yake haina harufu, haina ladha, mafuta yanabaki yanapendeza machoni. Mwaka 1985 kule Vancouver, Canada, watu 36 waliugua kwa vitunguu swaumu vya kwenye mafuta vilivyotumika mgahawani bila kuwekwa kwenye friji. Baada ya tukio jingine Marekani, mwaka 1989 serikali yao ikalazimisha watengenezaji waongeze asidi. Wale ni viwanda, wana maabara, mimi nina dirisha.

Kingine, kitunguu swaumu kibichi usikifunge kwenye ngozi. Kinaunguza kweli, malengelenge na kidonda, hasa kwa mtoto, na kadri unavyokiacha ndo kinavyozama. Na sikioni usitie kitu chochote kama hujui kama ngoma ya sikio ni nzima.

Kwahiyo kimeondolewa kwenye listi. Kinabaki jikoni kama chakula.

25 Februari: mshubiri

Jani la mshubiri lina vitu viwili tofauti na watu wengi wanavichanganya. Kuna ute ule usio na rangi wa katikati, huo ndo wa ngozi. Na kuna utomvu wa njano chini ya ganda, mchungu sana, una aloin, huo unaharisha vibaya, unauma tumbo, na mjamzito hatakiwi kuugusa kwa mdomo. Ukikata jani ukalisaga zima na maganda umechanganya vyote. Kata, lisimamishe kwenye glasi dakika 15 utomvu udondoke, osha, ndo umenye.

Jaribio la kuhifadhi: ute kwenye chupa ndani ya friji ulianza kuwa na rangi ya waridi, alafu ukanuka, haukumaliza hata wiki mbili. Ni maji karibu asilimia 99, ungetegemea nini. Nikagandisha kwenye trei ya barafu, huo ulikaa vizuri, lakini kuna tatizo jipya: mtu akiungua atachukua kipande cha barafu ya mshubiri aweke moja kwa moja kwenye jeraha akidhani ni bora zaidi, kumbe barafu kwenye ngozi iliyoungua inaongeza madhara. Cha kufanya mtu akiungua ni maji ya bomba ya baridi ya kawaida yanayotiririka dakika 20, toa pete na nguo zisizogandia kwenye ngozi, sio barafu, sio dawa ya meno, sio siagi. Mshubiri unakuja baadae, kwa jeraha dogo jekundu lisilo na lengelenge lililopasuka, kupunguza ile hali ya kuwaka.

Kwahiyo dawa hapa ni mmea wenyewe ukiwa hai kwenye chungu. Trei ya barafu imetolewa, chungu kiko karibu na dirisha, kina matundu chini. Mche wa kwanza ulioza mizizi kwenye kopo lisilo na tundu, huu wa pili namwagilia udongo ukishakauka kabisa mpaka chini na ndo unatoa majani manene.

9 Machi: karafuu, na mafuta makali niliyoyakataa

Karafuu haikunipa taabu yoyote, imekuja imekauka, inakaa miaka ikiwa nzima kwenye chupa nyeusi. Ya kujua ni kama bado ina mafuta: itupe kwenye glasi ya maji, iliyo nzima inazama au inasimama wima, iliyokwisha inaelea imelala. Kati ya nilizonazo karibu nusu zilielea, zimerudi jikoni.

Ganzi yake ni eugenol. Madaktari wa meno wenyewe wanaichanganya na zinki oksidi kuziba jino kwa muda, kwahiyo hii sio imani tu. Weka punje moja pembeni ya jino linalouma, ing'ate taratibu ilainike, iache dakika chache, tema. Inakufikisha asubuhi. Jino lenye uvimbe wa shavu au homa lisisubiri asubuhi.

Mafuta ya karafuu yaliyokamuliwa sikuyaweka. Tone moja likikosea linababua fizi, na mtoto akinywa kiasi kidogo tu ini linaweza kuharibika. Ni hivo hivo kwa mafuta ya mkaratusi, mililita chache zikinywewa na mtoto zinaweza kumpa degedege. Na mafuta yenye menthol usiyapake puani wala kifuani kwa mtoto chini ya miaka miwili, koo linaweza kujibana. Kujifukiza kwenye beseni la maji ya moto nako nimekuacha, faida yake kwa mafua ni ndogo na watoto wanaungua kila siku kwa yale mabeseni. Kama pua imeziba, maji ya chumvi ya puani yanafanya kazi bila kumuunguza mtu.

18 Machi: chumvi na sukari

Sio mitishamba najua, lakini kabati la kuharisha bila hiki kitu halina maana. Anayeharisha anakufa kwa kupoteza maji na chumvi, na majani ya kufunga tumbo hayarudishi hivo.

Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, NUSU kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Tatizo lilionekana pale nilipomwambia kila mtu hapa ndani achanganye yake nikapima: kijiko cha mlima cha chumvi kilibeba karibu mara mbili ya kilichosawazishwa. Chumvi ikizidi kwa mtoto ni hatari, sukari ikizidi inavuta maji utumboni na kuharisha kunaongezeka. Nimetengeneza vipakti vya kupima kabisa, sukari gramu 25 na chumvi gramu 3, kila kimoja cha lita moja, vimefungwa visipate unyevu. Onja kabla ya kumpa mtu, isiwe na chumvi kuliko machozi. Iliyochanganywa inamwagwa baada ya saa 24.

Ila chaguo la kwanza ni paketi za ORS, zile chumvi maalum za kuchanganya na maji kwa anayeharisha, nimeweka kadhaa. Zina potasiamu na sitreti ambazo chumvi ya jikoni haina, na fomula ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya toka 2002 ilipunguzwa ukali makusudi mpaka miliosmoli 245 kwa lita (kipimo cha chumvi na sukari zilizoyeyuka) kwasababu ile ya zamani ilikuwa kali zaidi. Kwa mtoto ongeza zinki, miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi sita, siku 10 mpaka 14, hata kama choo kimeshatulia. Macho yameingia ndani, mtoto amelegea, hakojoi: kituo cha afya, mnampa maji njiani.

Chumvi hiyo hiyo, nusu kijiko kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, ni ya kusukutua koo. Hakuna cha kukausha wala kuoza.

30 Machi: walioomba kuingia wakakataliwa

Manjano. Naipenda, ila kiini chake kinachosifiwa, curcumin, kinafyonzwa kidogo sana tumboni, na virutubisho vilivyotengenezwa ili kifyonzwe zaidi vimehusishwa na watu kuumia ini. Inabaki kwenye chakula.

Artemisia annua kwa malaria. Hii niliulizwa zaidi ya yote. Ni kweli dawa ya malaria imetoka humo, mwanasayansi wa China Tu Youyou na wenzake waliipata miaka ya 1970 mwanzoni na 2015 akapewa Nobel. Lakini dawa ni artemisinini iliyotolewa, ikapimwa, ikachanganywa na dawa ya pili. Kwenye kikombe cha chai hujui kuna kiasi gani, majani ya shamba moja na jingine hayalingani, kiasi kidogo kinaacha vimelea hai, homa inarudi, na vimelea vinazoea dawa. WHO haishauri chai hiyo, sio kutibu wala kujikinga. Malaria inapimwa na kutibiwa kwa dawa kamili, naomba sana hapa tusibishane na uhai wa mtu.

Na kwa wanaotumia dawa za kila siku: bibi hapa nyumbani anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Tangawizi, kitunguu swaumu na manjano kwa kiwango cha dawa vinaweza kuongeza uwezekano wa kutoka damu. Jina lake liko kwenye lebo ya tangawizi na neno HAPANA mbele yake. Kila nyumba ina mtu wa namna hii, ulizeni kwanza nani anameza nini.

16 Aprili: lebo na mahali pa kabati

Kabati lilikuwa juu ya jiko kwasababu ndo pana nafasi. Chupa ya mnanaa iliyopita kipimo vizuri kabisa Januari ilikuwa na majani yaliyolegea. Kila sufuria ikichemka mvuke unapanda pale pale, chupa inapata joto na kupoa, ikifunguliwa inavuta hewa yenye unyevu. Kabati limehamia ukutani upande wa pili, mbali na jiko na mbali na bafu, juu pasipofikiwa na mtoto, lina kufuli. Mnanaa ulirudi kwenye trei na umepona.

Lebo za karatasi zilizoandikwa kwa peni ya kawaida wino ulichuruzika. Sasa ni penseli, haichuruziki, na juu yake gundi ya plastiki inayoonyesha. Kila lebo ina jina, tarehe ya kukauka, tarehe ya kutupa, kipimo kwa gramu, na nani asipewe. Majani natupa baada ya mwaka, slaisi za tangawizi miaka miwili, unga miezi sita. Daftari limening'inia kwa kamba: nani, nini, saa ngapi, ilisaidia au la. Hilo daftari daktari aliliomba mara ya mwisho tulipoenda, akalisoma lote.

6 Mei: wadudu

Ukaguzi wa mwezi umekuta vumbi la unga chini ya chupa moja ya slaisi za tangawizi, na vitobo vidogo kwenye slaisi. Ni kombamwiko? Hapana, ni wale wadudu wadogo wa kahawia wa viungo vikavu, Stegobium paniceum, wamekuwa wakila maduka ya dawa tangu zamani. Chupa ile imetupwa, mbili za jirani zilizokuwa safi zimeingia friza nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne.

Na hapa maji yanajaribu tena kuingia: ukitoa chupa friza usiifungue. Ikiwa ya baridi na ukafungua, hewa ya chumbani inageuka matone juu ya tangawizi yako papo hapo na kazi yote ya kukausha imekwisha. Iache imefungwa mezani mpaka ifike joto la chumba, futa nje, ndo ufungue. Mifuniko yenye kiringi cha mpira imechukua nafasi ya ile ya kuzungusha kwenye chupa zote za tangawizi.

Yaliyomo kwa sasa: asali, tangawizi kavu, mnanaa mkavu, karafuu, chumvi, vipakti vya sukari na chumvi, ORS na zinki, mshubiri kwenye chungu nje ya kabati. Kinachofuata ni majani ya thaimu kwa kikohozi, yako kwenye trei tangu jana, nikimaliza kipimo cha chupa nitaandika.